Mpimaji Aliyeogopa Tambarare

Kwa miaka miwili Mpimaji hakununua nyanya sokoni. Nyanya alizipenda, na wauza nyanya hawakumkosea kitu. Kosa la soko lilikuwa moja tu: lilijengwa mahali tambarare. Kwa hiyo alinunua nyanya zake kwenye kibanda kimoja kule juu karibu na tangi la maji, ambako zilikuwa ndogo, ghali na zimebonyea, lakini barabara ya kibanda hicho ilikuwa na mteremko wa kupendeza. Mkewe alikuwa akizitoa kwenye mfuko, anazigeuza moja moja na kuuliza, "Hizi umezinunua au umeziokota?" Naye Mpimaji hujibu bila aibu kwamba za sokoni siku hizi zina dawa nyingi.

Tuseme ukweli sisi, maana yeye hausemi. Gari lake lilikuwa haliwaki. Ukizungusha ufunguo linasema "ta!" mara moja, halafu kimya. Stata, ile mota ndogo ya kuwashia injini, ilikuwa imekufa. Mwanzoni aliigonga kwa spana ikawa inazinduka, lakini baadaye ikazoea kipigo na kuwa sugu. Mtu mwingine, mimi na wewe kwa mfano, angekwenda kwa fundi. Mpimaji alikwenda kwenye mteremko, na huko akahamishia maisha yake yote.

Kazi yake ilimsaidia kupotoka vizuri. Alikuwa amepima ardhi miaka thelathini, akibeba vigingi na futi na kuwagawia watu viwanja, mpaka alipostaafu. Hakuna mtu mjini aliyejua ni wapi ardhi imeinama na imeinama kiasi gani kama yeye. Basi elimu yote hiyo akaitumia kuegesha gari. Kinyozi wake wa miaka ishirini alimwacha kwa kosa la kukaa bondeni, akahamia kwa mwingine aliyekuwa na mkono wa kutetemeka lakini kibanda chake kiko kilimani. Alikuwa anarudi nyumbani na kipande cha karatasi kimebandikwa kwenye sikio, damu inachungulia, anasema huyu kinyozi mpya ni makini sana.

Na utaratibu wake, jamani, ungedhani anarusha ndege. Anaegesha pua ikitazama chini, anaweka jiwe mbele ya gurudumu. Akitaka kuondoka analitoa jiwe, anaingia, gia ya pili, mguu kwenye klachi, anaachia breki ya mkono. Gari linaanza kuteleza polepole kwa adabu. Likishika kasi anaachia klachi, linashtuka, linakohoa, linawaka. Kisha anapungia watu mkono kwa madaha. Majirani wakampa jina la Mzee Mteremko, na yeye akaamini kabisa kwamba ni heshima kwa ujuzi wake wa ardhi.

Mara moja tu alijisahau akazima gari mahali tambarare. Ilikuwa msibani, kwa aliyekuwa bosi wake. Baada ya mazishi ilibidi waombolezaji wavue makoti na kusukuma, na watu walisukuma kweli, wakubwa kwa wadogo, mjane naye akitaka kusaidia wakamzuia. Siku ile mtu pekee ambaye hakulisukuma gari la Mpimaji ni marehemu. Toka hapo akaapa kwamba hazimi tena injini kwenye tambarare, liwalo na liwe.

Sasa, mama yake mzazi alikuwa anakaa wapi? Haya, bahatisha. Alikaa kilomita saba kutoka mjini, kwenye uwanda uliolala kama meza, ambako hata maji ya mvua husimama kwanza yakajiuliza yaende upande gani.

Na hapo ndipo penye uchungu wa hadithi hii, kwa hiyo nisikilize vizuri. Siku Mpimaji alipolinunua lile gari, likiwa tayari limeshapita mikononi mwa watu wanne, alimpelekea mama yake alione. Mama alilizunguka, akalipiga teke tairi kwa ndala yake, akasema, "Mwanangu, hiki kitu kimechoka kuliko mimi." Watu wakacheka. Mpimaji hakucheka. Alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Mama, siku gari hii ikinisumbua, hata siku moja tu, nitakuja kwako kwa miguu." Maneno hayo hakuna aliyemwomba ayaseme. Yalimtoka mwenyewe, kwa kiburi chake mwenyewe, na stata ilipokufa yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi hakumwambia mama yake. Alikwenda kila Jumamosi kama kawaida, ila hakuzima. Alikuwa anasimamisha gari uani, mlango wazi, mguu mmoja chini na mwingine kwenye mafuta, maana injini nayo ilikuwa na uvivu wake. Ukiiacha peke yake dakika mbili inazima. Hivyo ndivyo alivyomtembelea mzazi wake. Nusu ya mwili.

"Shuka basi, mwanangu!" mama hupiga kelele kutoka kibarazani.

"Nina haraka, mama! Kuna watu wananisubiri kwenye kiwanja!"

Hakukuwa na watu. Hakukuwa na kiwanja. Mtu amestaafu, anarudi nyumbani kulala usingizi wa mchana, lakini kwa mama yake alikuwa na shughuli nyingi kuliko waziri.

Miezi ya kwanza mama alikuwa anamletea chai palepale dirishani, ndani ya kikombe chake cha bati cha bluu, kile Mpimaji alichonywea toka anasoma shule, kilichobanduka rangi ukingoni. Mpimaji anapiga funda mbili, anaunguza ulimi, anarudisha kikombe kimejaa. Baadaye chai ikaacha kuja. Mama naye alijifunza kusema kwa mkato, kwa sababu kuzungumza na injini kunachosha kifua. "Goti linauma! Bati la jikoni linagonga usiku! Yule jirani amejifungua!" Mpimaji anajibu, "Nitalishughulikia, mama!" bila kufafanua kama ni goti, bati au jirani. Dakika kumi zikitimia anageuza gari, na moshi unabaki kumuaga mama.

Hivyo miaka miwili ikapita, na yeye akajiona mtoto mwema, maana hakukosa Jumamosi hata moja.

Jumatano moja mdogo wake wa kike akapiga simu. Huyu anaishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na tangu utotoni hana mkono wa kubembeleza.

"Kaka, Ijumaa usiku nakuja kumchukua mama. Jumamosi tunaondoka na basi la saa sita mchana."

"Kumchukua kumpeleka wapi?"

"Kwangu. Aje akae."

"Akae? Kwani hapa ana shida gani? Mimi si nipo?"

"Upo?" Akacheka kile kicheko chake kisicho na furaha. "Mama anasema hapo hana mtu. Anasema wewe unapita tu kama gari la maji, unapiga honi, unamwaga, unaondoka. Kaka, mama ana miaka themanini na mbili. Umeshindwa hata kuzima gari?"

"Nina kazi nyingi, nawe unajua..."

"Kazi gani? Si umestaafu?"

Hapo ilikuwa nafasi nzuri ya kusema neno moja, stata. Neno fupi, halina hata mifupa. Mpimaji alifungua mdomo, akakumbuka kile kiapo cha mbele ya ukoo, akaufunga. Akasema mtandao unakatakata. Kisha alikaa kitandani na simu mkononi, na ilimuuma, tena ilimuuma sana. Mama akienda huko amekwenda. Kwa umri ule watu hawarudi kutoka safari za namna hiyo.

Mkewe alikuwa amesikia kila kitu, maana mtandao haukuwa unakatakata hata kidogo.

"Baba watoto, mambo ni mawili," alisema. "Mwambie mama yako ukweli, au nenda kwa fundi. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalokuua."

"Fundi yuko tambarare," alisema Mpimaji.

Mkewe akaenda kuosha nyanya zake za kuokota.

Alhamisi asubuhi jiwe likaondolewa, gari likateleza, likawaka, na Mpimaji akaenda nalo mpaka gereji ya Fundi Sikio, fundi umeme wa magari. Walimwita hivyo kwa sababu hushikiza mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye chuma, anafumba macho na kusikiliza kama daktari. Gereji yake ni uwanja mpana, umefagiliwa, na kwa masikitiko makubwa ni tambarare tupu. Mpimaji alisimama katikati ya uwanja, injini inanguruma, mguu kwenye mafuta.

"Karibu, mzee. Kuna nini?"

"Stata imekufa. Nataka unibadilishie."

"Sawa. Zima nisikilize."

"Nikizima haitawaka."

Fundi Sikio alisubiri, akidhani kuna sentensi nyingine inakuja. Haikuja.

"Mzee wangu, si ndiyo sababu umeileta?"

"Ndiyo, lakini hapa pako tambarare. Nikizima nitaondokaje?"

"Utaondoka ikishapona!"

Mpimaji akautazama ufunguo. Injini ilinguruma. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili wazo hilo kupita kichwani mwake, na lilikuta pamejaa vumbi.

"Imekufa lini?" fundi aliuliza.

"Ni kitambo kidogo."

"Kitambo gani?"

"Miaka miwili."

"Na miaka yote hiyo hukuja kwa sababu...?"

"Kwako ni tambarare," alisema Mpimaji, sasa kwa sauti ndogo.

Loo! Fundi Sikio aliweka bisibisi chini kwanza, asije akajichoma. Alicheka mpaka akashika bodi ya gari. Akawaita mafundi wa bodi kutoka upande wa pili waje wasikie, na Mpimaji akalazimika kurudia. Mtu ana homa miaka miwili, haendi hospitali, kisa anaogopa daktari atamkuta mgonjwa! Walipomaliza kufuta machozi, Mpimaji akanyoosha mkono, akazungusha ufunguo, akazima. Gari likatulia, na hakuna aliyekufa.

Fundi akaingia chini ya gari na spana, baada ya nusu saa akatoka na stata, nzito na nyeusi kwa mafuta.

"Niache niifungue kwanza. Mara nyingi hizi ugonjwa wake ni mdogo."

"Hapana," alisema Mpimaji, ambaye kiburi chake kilikuwa kimeshapata nguvu tena. "Sitaki kiraka. Jumamosi asubuhi nahitaji gari. Nakwenda kununua nyingine."

"Basi chukua hii uende nayo, ukalinganishe."

"Kulinganisha?" Mpimaji akatoa futi ya chuma mfukoni. "Fundi, mimi nimepima nchi hii miaka thelathini." Akapima urefu, akapima mzunguko, akapima tundu la bolti hadi tundu la bolti, milimita kwa milimita, akaandika kwenye daftari lake dogo na kupiga mstari chini. Stata yenyewe akaiacha mezani.

Kwa kuwa gari lilikuwa gereji, alikwenda kwa miguu. Spea za mtumba huuzwa nyuma ya soko, chini ya maturubai, na bingwa wa pale ni jamaa mmoja aitwaye Profesa, kwa kuwa hakuna swali ambalo hana jibu. Stata zilikuwa zimepangwa mbele yake kama mikate.

"Hii hapa," alisema Profesa kabla Mpimaji hajamaliza kusalimia. "Hii ndiyo yenyewe."

"Sijakwambia ni gari gani."

"Mzee, hii inaingia magari yote."

Nawe msomaji unajua kwamba kitu kinachoingia magari yote huwa hakiingii hata moja. Mpimaji naye alikuwa analijua hilo, lakini Jumamosi ilikuwa inamsukuma mgongoni.

"Mbona ina matope?"

"Hayo ni matope ya huko huko ilikotoka. Sijayagusa, ili mteja ajionee mwenyewe kwamba ni orijino." Profesa akaigusisha nyaya za betri iliyokuwa chini. Stata ikanguruma, ikaruka ardhini kama chura. "Umeiona? Ina hasira hii!"

Mpimaji akatoa futi. Akapima urefu, mzunguko, matundu. Alipima akiwa amechuchumaa, miwani puani, watu wamemzunguka wanamtazama. Vipimo vyote vililingana na daftari, hakikupungua hata kimoja. Akalipa, akaitia stata begani ndani ya kiroba, na alipokuwa anapita sokoni kuelekea gereji akagundua kwamba anapita sokoni. Hakuwa na gari la kuegesha. Akanunua nyanya, kubwa, nyekundu, ngumu, akampelekea mkewe jioni, na mkewe akazitazama zile nyanya kwa mshangao uliokaribia kuwa mapenzi.

Ijumaa asubuhi Fundi Sikio akaifunga ile stata yenye hasira. Mpimaji akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Kilichosikika siwezi kukiandika. Chuma kilipiga mayowe juu ya chuma, meno yakisagana, mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Fundi akapunga mikono yote miwili, "Acha! Acha! Acha!"

Akaifungua, akaileta mezani, akaiweka kando ya ile ya zamani. Akaweka kidole kwenye kile kigia kidogo cha mbele ambacho hurukia gurudumu la injini na kulizungusha.

"Mzee, hebu hesabu hapa."

Mpimaji akahesabu. "Kumi na moja."

"Na hii yako?"

"Tisa."

"Daftari lako linasemaje kuhusu meno?"

Daftari halikusema lolote kuhusu meno. Lilikuwa na urefu, mzunguko na matundu, milimita kwa milimita, na mstari chini. Fundi akampigia Profesa simu, na Profesa akajibu kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, "Mimi nifanyeje? Mzee alipima mwenyewe kwa futi yake! Kwani alisema anataka meno mangapi?" Kisha akakata, na huyo ndiye akawa mbuzi aliyenunuliwa ndani ya gunia.

Mpimaji akakaa kwenye tairi kuukuu lililokuwa pale. Ilikuwa saa tano. Kesho yake, saa kama hizo, mama yake angekuwa anafungiwa mabegi. Kwa mara ya kwanza aliacha kuzunguka mbuyu, akamwambia fundi yote: kiapo, mama, watu hewa wa kwenye kiwanja hewa, na basi la saa sita mchana. Fundi Sikio hakucheka. Alijikuna shingo kwa bisibisi.

"Samahani, mzee," alisema, "lakini jana ulipoondoka mkono uliniwasha. Hii yako nimeifungua."

Akamwagia mkononi vipande vinne vyeusi. Kaboni. Ndizo zinazopeleka umeme kwenye ile sehemu inayozunguka ndani ya stata. Zikiwa nzima kila moja ni sawa na ncha ya kidole. Hizi zilikuwa zimelika mpaka zimekuwa kama kucha.

"Ugonjwa ndio huu tu. Vingine vyote vizima. Kazi ya saa moja."

"Ugonjwa wa miaka miwili ndio huu?"

"Ndio huu. Na dukani hazipo mpaka Jumatatu, nimeshauliza."

Mpimaji alivitazama vile vipande kiganjani. Miaka miwili ya nyanya mbovu, masikio yaliyokatwa, mama kupiga kelele kibarazani, vyote vimetoshea kiganjani na nafasi ikabaki.

"Lakini," aliendelea fundi, akiipapasa ile stata ya Profesa, "hii si ina kaboni mpya mpya ndani?"

Wakaichinja. Stata nzima, nzuri, yenye hasira, ikachinjwa kwa ajili ya vipande vinne vya kaboni. Zilikuwa nene kidogo, fundi akazipiga tupa zikakaa, akazishika kwa lehemu, akasugua shaba zilizoungua kwa msasa, akafunga, akaingia tena uvunguni. Mpimaji alishika taa muda wote, na alipoambiwa asogeze kushoto alisogeza kushoto bila kutoa maoni. Saa nane mchana, pale pale kwenye tambarare, alizungusha ufunguo na gari likawaka kabla hajamaliza kuuzungusha. Akazima. Akawasha. Akazima. Akawasha tena, mpaka fundi akamwambia, "Mzee, utamaliza betri."

Jumamosi saa nne asubuhi alifika kwa mama yake, akasimama pale pale anaposimama siku zote, akazima.

Kimya kilimshtua mwenyewe. Miaka miwili hakuwa amesikia uani kwa mama yake kukoje. Alisikia maji yakidondoka kwenye ndoo. Alisikia kitu kinagonga, ko, ko, ko, kwa kila upepo mdogo, akatazama juu: lile bati la jikoni. Aliambiwa habari zake kila wiki.

Mama akatoka mbio, kwa mbio za goti bovu, kitambaa cha kichwani kimemfunguka.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama."

"Mbona umezima?"

Nyuma yake akatokea mdogo mtu, begi mkononi, uso umekunjwa tayari kwa ugomvi. Mpimaji akashuka, miguu yote miwili. Alikuwa ameandaa hotuba njiani, ina mzaha mwanzoni na methali katikati. Ikampotea yote.

"Stata, mama. Ilikuwa imekufa. Nikizima hapa nisingeweza kuwasha tena."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

Mama akakaa taratibu kwenye ngazi ya kibaraza. "Na wale watu? Wanaokusubiri kwenye kiwanja?"

"Hawakuwepo."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

Mama akalitazama lile gari kwa muda mrefu, kutoka taa za mbele mpaka za nyuma, kana kwamba ndiyo kwanza linaletwa.

"Kumbe ni gari," alisema. "Mimi nilidhani ni mimi."

Mpimaji alishika mlango wa gari uliokuwa umeshafungwa.

"Na ulisema likikusumbua utakuja kwa miguu," mama aliendelea, bila ukali wowote, na afadhali angekuwa mkali.

"Nilisema."

"Si ungekuja tu, mwanangu? Kilomita saba si mbali. Tena ungefika umechoka, ungekaa."

Mdogo wake akaweka begi chini. Mpimaji akasema nisamehe mama, akasema mara mbili, ya pili haikutoka vizuri, na mama akainuka kwa kushika nguzo, akafunga kitambaa chake na kumwambia aache kusimama juani kama kigingi chake, aingie ndani.

Akaingia. Kiti chake kilikuwa pale pale chini ya dirisha, kimefagiliwa vumbi. Akakaa.

"Mpe kaka yako chai," mama alimwambia bintiye.

"Mama, basi ni saa sita."

"Nimesikia. Mpe chai."

"Vikombe vimo ndani ya begi."

"Basi fungua begi."

Mdogo mtu akapiga magoti, akavuta zipu huku ananung'unika. Akatoa magauni. Akatoa dawa za goti, picha ya marehemu baba imefungwa kwenye gazeti, shuka mbili, viatu, redio. Kikombe kilikuwa chini kabisa, kimeviringishwa kwenye sweta ili kisigongwe: cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi ukingoni.

"Mama, hiki si cha kaka?" aliuliza. "Unakwenda kwangu nacho cha nini? Yeye hata kwangu hajawahi kufika."

"Siku akija kukaa," alisema mama, "angenywea nini?"

Mpimaji alijifanya kutafuta futi yake mfukoni, akaitafuta muda mrefu sana. Basi la saa sita liliondoka saa sita kamili, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu lianze safari hizo, na viti viwili vya mbele vilikuwa vitupu. Saa hiyo yeye alikuwa juu ya paa la jikoni na nyundo, misumari mdomoni, na mama yake amesimama chini anamweleza habari za goti tangu mwanzo, polepole, bila kufupisha.